Ni Nani Mwenye Idhini ya Kufundisha Sheria? Kutoka Ijaza hadi Muadala



Wanafunzi wa maahadi zetu wametuuliza mara nyingi. Mtu amesoma fiqhi miaka mingi, masheikh wake wanamjua na wanamkubali. Siku anapoomba nafasi ya chuo kikuu, au anapoutaka ukadhi, haulizwi amesoma nini. Anaulizwa: "Chuo chako kinatambuliwa na nani?" Je, sharti hili lina asili katika historia yetu, au tumeliiga tu kutoka kwa serikali za kisasa?

Tuanze na ijaza. Katika zama za mwanzo idhini haikutolewa na jengo, ilitolewa na mtu. Sheikh aliandika kwamba fulani amesoma kwake kitabu fulani, na aliyefika daraja ya juu alipewa ijaza ya kufundisha na kufutu. Uzito wa karatasi ile ulikuwa uzito wa aliyeiandika, na sheikh aliyempa ijaza asiyestahiki alijivunjia heshima yake mwenyewe mbele ya wenzake.

Lakini asidhani mtu kwamba mlango ulikuwa wazi bila ya mlinzi. Imam al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058), katika kitabu chake cha hukumu za utawala, anaeleza kuwa ni katika kazi za muhtasibu kumzuia anayejitokeza kufundisha elimu ya sheria ilhali si mjuzi wake, ikiwa watu watahadaika naye. Yaani dola ilikuwa na haki ya kuuliza. Muhtasibu huyo huyo aliyekagua mizani za sokoni alimkagua na mwalimu!

Sharti la wakfu

Zilipokuja madrasa kubwa, msimamizi mwingine aliingia: hati ya wakfu. Waziri Nidham al-Mulk aliifungua Nidhamiya ya Baghdad mwaka 459 H (1067) akaweka sharti kuwa wanaofundisha na wanaosoma wawe Mashafii. Kwa kanuni ya mafaqihi kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama nassi, mwalimu aliyetoka katika sharti hakuwa na haki ya mshahara ule.

Kisa cha siku ya ufunguzi kinajulikana. Watu walikusanyika kumngoja Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi, aliyeteuliwa kuwa mudarris, asitokee. Alikuwa ameingiwa na shaka kwamba sehemu ya mahali pale ilichukuliwa kwa ghasbu. Ibn al-Sabbagh alifundisha mahali pake kwa siku 20, hata Abu Ishaq aliporidhika na kukikalia kiti. Sisi tunakiona kisa hiki kuwa ni cha ubora wa chuo hasa: faqihi aliuliza uhalali wa kuta kabla ya kuuliza mshahara.

Mustansiriya ya Baghdad, iliyofunguliwa 631 H (1234), ilikwenda mbali zaidi. Ilikusanya madhehebu manne, na wanahistoria wanataja wanafunzi 62 kwa kila madhehebu. Idadi ilifungwa kwa sababu mkate, makazi na posho vilipimwa kulingana nayo.

Azhar na mtihani wa 1872

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Hadi karne ya 19, mwanafunzi wa Azhar aliyejiona ameiva aliketi kwenye nguzo na kuanza kufundisha. Waliohudhuria walimuuliza maswali. Akiyaweza aliendelea, akishindwa alinyanyuka. Utaratibu huu ulikuwa na uzuri wake, ila ulimwachia nafasi mwenye sauti kubwa kuliko elimu.

Mwaka 1872, zama za Khediwi Ismail, Sheikh wa Azhar Muhammad al-Abbasi al-Mahdi alisimamia kanuni ya kwanza ya mtihani wa ualimu wa dini, yaani alimiya. Masomo yalikuwa 11, kuanzia fiqhi na usuli hadi mantiki. Watahini walikuwa sita, wawili wawili kutoka Hanafi, Maliki na Shafii. Aliyefaulu alipangwa katika daraja moja kati ya tatu.

Tangu hapo baina ya sheikh na mwanafunzi wake aliingia mtu wa tatu, mtahini. Faida yake ni wazi: mwanafunzi wa sheikh asiyejulikana alipimwa kwa kipimo kile kile cha mwanafunzi wa sheikh mashuhuri. Lakini mtahini naye ni binadamu. Muhammad Abduh alipotahiniwa mwaka 1877, imesimuliwa kuwa baadhi ya watahini walikuwa na kinyongo naye kwa ajili ya usuhuba wake na Jamal al-Din al-Afghani. Sheikh al-Mahdi akasimama upande wake, naye akatoka na daraja ya pili.

Baada ya mtihani ukaja uambatisho. Misikiti ya elimu ya Tanta, Dasuq na Dimyat iliwekwa chini ya Azhar katika miaka ya 1890, na Iskandaria ikafuata mwaka 1903. Kanuni ya 1896 iliweka cheti cha ahliya baada ya miaka minane na alimiya baada ya 12. Sheria ya 1930 ikagawa vyuo vitatu, kimojawapo cha Sharia, na ile ya 1961, namba 103, ikaleta vyuo vya tiba, uhandisi na vinginevyo.

Na kwetu je?

Muadala ambao maahadi za Afrika Mashariki huutafuta Azhar ni tawi la mti huo. Mwanafunzi na mzazi wafahamu jambo moja: muadala huhusu kiwango maalumu. Maahadi iliyokubaliwa cheti chake cha thanawi haikupewa kwa hilo haki ya kutoa shahada. Tumewaona vijana waliogundua haya siku ya kuomba nafasi, baada ya miaka sita kupita. Barua ya muadala iombwe kuonekana siku ya kuandikishwa mtoto.

Kuhusu ukadhi, tazama tofauti iliyopo Kenya. Anayetaka uwakili lazima apitie chuo kilichokubaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria, chini ya sheria ya 2012. Kwa kadhi, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinataka awe Muislamu na awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu unaomstahikisha kwa maoni ya Tume ya Huduma za Mahakama. Hakikutaja chuo, kitabu wala cheti.

Wengine wanauona huu kuwa upungufu. Sisi tunaona ni nafasi, kwa kuwa mwenye ijaza ya kweli asiye na shahada hakufungiwa mlango. Ila tume itapimaje elimu ya mtu huyo? Kwa rai yetu, maulamaa wa pwani wakae wakubaliane kwa maandishi ni vitabu gani katika fiqhi, mirathi na usuli ambavyo kadhi lazima awe amevisoma, na ni nani watakaomtahini, kisha orodha hiyo ipelekwe kwa tume kabla nafasi nyingine haijatangazwa.