Je, Wajua? Jani la spinachi limewahi kudunda kama moyo

Mboga za majani zinazovuka mpaka kutoka Gisenyi kwenda kuuzwa Goma zina kitu ambacho maabara kubwa bado zinahangaika kukitengeneza: mtandao wa mishipa myembamba mno. Bila mishipa ya namna hiyo, kipande kinene cha nyama ya moyo kilichooteshwa maabara hufa kwa ndani, kwa kukosa oksijeni.

Mwaka 2017, watafiti wa Worcester Polytechnic Institute nchini Marekani waliazima mishipa ya spinachi. Walipitisha maji yenye sabuni kali kwenye kikonyo cha jani kwa siku kadhaa, hadi seli zote za mmea zikatoka na ukijani ukaisha. Kikabaki kiunzi cha selulosi, chepesi, kinachopitisha nuru. Rangi nyekundu iliyoingizwa kikonyoni ilitambaa hadi kwenye vijishipa vya pembeni.

Kisha wakapanda juu yake seli za moyo wa binadamu zilizotokana na seli shina, yaani seli changa ambazo hazijachagua kazi. Zikashika, zikadunda, na baadhi ziliendelea hadi siku 21. Kwa mboga ya kawaida kabisa, si haba!

Hata hivyo, hakuna mgonjwa aliyepachikwa jani moyoni. Kudunda kwenye sahani ya maabara si kusukuma damu, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, kwa hiyo kiunzi hicho kingekaa humo miaka mingi.