Soksi za Shaba na Uchafu wa Katikati ya Vidole

Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya bluu itokanayo na shaba. Ukichanganywa na chokaa hupuliziwa mimea ili kuzuia kuvu, mbinu iliyoanzia kwenye mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880. Wafugaji nao huwapitisha ng'ombe kwenye maji yenye mrututu ili kwato zisioze. Kwa hiyo anayeuza soksi za shaba Arua mjini, hapa West Nile nchini Uganda, akikuambia kwamba shaba inaua vijidudu, hajakudanganya. Cha kumuuliza ni iwapo shaba iliyofungwa ndani ya uzi inafika mahali ambapo mguu wako unaingiliwa.

Soksi nzuri ya aina hii hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa oksidi ya shaba na plastiki iliyoyeyushwa, kisha mchanganyiko huo huvutwa kuwa uzi. Shaba inakuwa ndani ya uzi wenyewe, haitoki kwa kufuliwa mara mbili tatu. Zipo pia zilizopakwa shaba juu juu tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mguu ukitoka jasho, unyevu huachilia chembe ndogo za shaba zenye chaji ya umeme, ayoni. Hizo hutoboa utando wa kijidudu na kuvuruga protini zake. Bila unyevu, kazi hiyo karibu haipo.

Sifa kubwa ya shaba ilitokana na vitasa, vyuma vya kushikia na meza za hospitali. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliruhusu aloi za shaba zinadiwe kuwa zinaua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria fulani ndani ya saa 2. Lakini kitasa ni chuma kitupu, na soksi ni uzi wenye shaba kidogo. Isitoshe, kitambaa kikipimwa maabara, bakteria huwekwa juu yake na kuachwa kwa saa 18 hadi 24 kwenye joto. Kipimo hicho kinaonyesha vijidudu vilivyo kwenye kitambaa vinakufa. Ngozi yako haikuwemo.

Utafiti juu ya miguu ya watu upo, ila ni mwembamba. Uliotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2008: watu wenye fangasi wa miguu walivaa soksi zenye oksidi ya shaba na wengi wakapata nafuu. Mmoja wa watafiti alikuwa mwanasayansi wa kampuni iliyobuni uzi huo. Kuna pia kisa cha wachimbaji 33 walionaswa katika mgodi wa San José, Chile, mwaka 2010, ndani ya joto na unyevunyevu kwa siku 69. Walipelekewa soksi za shaba kupitia tundu lililotobolewa, na ikaripotiwa kwamba miguu yao ilipata nafuu. Mimi naamini ilipata nafuu. Lakini walipelekewa pia dawa na nguo safi, na mtu aliyekaa wiki kadhaa kwenye unyevu ukimpa soksi yoyote kavu utaona mabadiliko. Sifa za kuondoa maumivu ndizo za kutilia shaka zaidi: mwaka 2015 kampuni ya Tommie Copper ilikubali kulipa dola milioni 1.35 huko Marekani kwa kutangaza kwamba mavazi yake ya shaba yanapunguza maumivu makali, bila ushahidi wa kutosha.

Turudi kwenye mguu wenyewe. Fangasi kwa kawaida huanzia katikati ya kidole kidogo na jirani yake, pale panapobaki maji baada ya kuoga. Soksi ya kawaida hufunika vidole vyote kwa pamoja, haiingii katikati yao. Na fangasi mwenyewe hakai juu ya ngozi akisubiri kuguswa. Yumo ndani ya tabaka la ngozi iliyokufa, anakula humo. Harufu ni habari nyingine. Hiyo hutokana na bakteria wanaovunjavunja jasho ndani ya viatu, na hapo soksi ya shaba inaweza kusaidia kweli. Askari, mlinzi wa usiku, mwanafunzi wa bweni au bodaboda anayeshinda na gambuti msimu wa mvua atanufaika kidogo.

Ila miguu mingi ya kwetu haishindi ndani ya soksi. Kuanzia Lurujo hadi Koboko mjini watu huenda shambani na sapatu, au peku kabisa. Viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi inayokanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi. Funza huingia vivyo hivyo, na pepopunda hupita kwenye kidonda cha mwiba au msumari. Hao wote huzuiwa na kiatu, choo na chanjo. Hapa West Nile tuna pia wagonjwa wa matende, na kinachowaumiza mara kwa mara ni bakteria wanaoingia kupitia mipasuko ya katikati ya vidole. Tiba yao ya kila siku ni maji, sabuni na kitambaa kikavu.

Basi kabla ya kutoa shilingi zako, fuata mpangilio huu. Kwanza kiatu kinachofunika mguu, kikiwezekana viwili vya kupokezana ili kimoja kikauke. Kisha kausha katikati ya vidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Soksi za pamba za kubadilisha kila siku, zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, zinatosha. Mwasho na maganda meupe vikianza, paka klotrimazoli hadi wiki 4, usiache kwa sababu mwasho umepoa. Jihadhari na marhamu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa kiholela: wekundu hupungua, fangasi husambaa. Pesa ikibaki baada ya hayo yote, nunua soksi za shaba ukipenda.

Wenye kisukari nawaomba wasizinunue kabisa kwa nia ya kujikinga. Mguu wao huweza kupoteza hisia, na soksi nyingi za shaba ni za kahawia au nyeusi, damu na usaha havionekani juu yake. Vaeni soksi nyeupe zisizobana, kagueni nyayo kila jioni, na kidonda chochote kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.