Sikukuu na Waliotangulia: Maneno na Desturi za Viungani mwa Dar es Salaam

Siku chache kabla ya Krismasi au Idi, watu wa Kinondoni na Temeke wakutanapo njiani, baada ya salamu huulizana hivi: "Sikukuu unakula wapi?" Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni hudhani kwamba aulizwa habari za chakula. Sivyo. Kula sikukuu ni kukaa siku ile pamoja na watu wako, na pilau hufuata tu. Maana ya swali ni hii: watu wako ni nani, nao wako wapi? Basi kwa mtu aliyefiwa mwaka ule swali hili si jepesi, na waalimu na mapadre wafanyao kazi viungani humu yafaa walijue vema kabla ya kuliuliza.

Kwanza tuwatazame wakaaji wenyewe, maana si wa namna moja. Wako wale ambao Desemba ikiingia hufunga mizigo. Zamani walipandia mabasi Ubungo. Tangu mwaka 2021 hupandia katika kituo kipya cha Mbezi Luis. Wachaga ndio wajulikanao zaidi kwa safari hii. Mtu aweza kuwa amejenga nyumba Kinondoni na kukaa humo miaka 30, lakini Desemba husema, "Nakwenda nyumbani," naye ataka kusema Moshi, Rombo, au Machame. Huko nyumbani ni kihambani, na kihambani, chini ya migomba, ndimo walimozikwa baba na babu. Basi kwenda kula Krismasi na kwenda kwenye makaburi ya wazee ni safari moja, wala haina haja ya kupewa majina mawili.

Wa pili ni Wazaramo, wenyeji wa nchi. Hawa hawana safari ndefu. Makaburi yao yako karibu, mjini humu au katika vijiji vya Kisarawe na Mkuranga, na wengi wao ni Waislamu, hivyo sikukuu zao kubwa ni Idi mbili.

Lakini wako wa tatu, nao huongezeka kila mwaka: watoto waliozaliwa mjini na wazazi waliotoka bara, ambao mama au baba yao amezikwa Kinondoni au Chang'ombe. Kijijini kwa babu hawajulikani sana, pengine hata lugha ya huko hawaisemi. Hao ukiwauliza watakula wapi, hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Twaona kwamba kwao neno "nyumbani" limeanza kugeuka maana mbele ya macho yetu, nalo lageuzwa na kaburi zaidi ya nyumba.

Sasa tutazame lugha yenyewe inenavyo juu ya jambo hili. Kitenzi "kufa" kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa "kufia", na kikigeuzwa tena huwa "kufiwa". Twasema, "Amefiwa na mama yake." Mwenye kutenda hapa ni marehemu, aliyebaki ndiye atendwaye. Kwa hiyo mfiwa si mtu aliyepoteza kitu, kama apotezaye fedha njiani kwa uzembe wake. Ni mtu aliyepatwa na tendo la mwingine, asiloweza kulikataa. Walimu wanaotafsiri hotuba kutoka lugha za kigeni husema siku hizi "amempoteza mama yake." Maneno hayo yamekwisha kuenea, hatuwezi kuyazuia, lakini "kufiwa" lasema zaidi, nalo ni letu tangu asili.

Vivyo hivyo kuna maneno ya kumaliza maombolezo. Matanga huondolewa, au huanuliwa. Kuanua ni kuondoa kitu kilichoanikwa, kama nguo mvua inapokaribia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalitolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha desturi za Waswahili, aliandika pia habari za mazishi na za matanga; na msomaji wa leo akaaye Temeke atayatambua mengi humo. Baada ya matanga huja arobaini, yaani siku ya 40, husomwa dua au hitima na watu wakalishwa. Hata Wakristo wengi wa mjini wameishika hesabu hiyo ya 40, wakaitia ndani ibada ya shukrani.

Lakini hebu tazama: matanga yana neno la kuyaanua, eda ina neno la kutoka, ila kufiwa hakuna neno la kukumaliza. Mtu hasemi, "Nimeacha kufiwa." Ndiyo sababu sikukuu ya kwanza baada ya msiba huwa nzito, hata kama arobaini imekwisha kupita zamani. Majirani wajuao adabu hulifahamu hilo. Huingia nyumbani asubuhi ya sikukuu, na kabla ya kusema "Heri" husema "Poleni" kwa mara ya pili, kana kwamba msiba ni wa jana.

Kwa upande wa Waislamu, ukumbusho wa wafu umeshikamana na sikukuu kwa kamba nyingi. Katika mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, jamaa hukusanyika kuvunja jungu, yaani kula pamoja kwa mara ya mwisho kabla ya Ramadhani. Siku hizo nyumba nyingi huita kisomo ili kuwarehemu wazee. Msomaji aangalie neno hili: kumrehemu mtu ni kumwombea rehema, na marehemu ni yule aliyerehemewa. Basi kila tusemapo "marehemu baba" tumekwisha kumwombea, tujue tusijue. Mfunguo Mosi ukiandama, watu husali Idi, na wengi wakitoka sala hupita makaburini kabla ya kurudi kula. Wako mashehe wasemao kwamba kuzuru makaburi kusifungwe na siku ile pekee. Hayo ni mashauri yao wenyewe, sisi tunaeleza tu tuyaonayo. Watoto hupewa mkono wa Idi, huvaa nguo mpya, na makaburini huenda wamevaa vivyo hivyo.

Mjane aliye katika eda hawezi kufuata msafara huo. Eda ya kufiwa na mume ni miezi 4 na siku 10, na muda huo hukaa ndani bila kujipamba. Kwa kuwa mwezi wa Kiislamu huenda na mwandamo, na Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa Kizungu, na tena Idi ya Mfunguo Tatu haiko mbali na ile ya kwanza, mara nyingi sikukuu humkuta mwanamke ndani ya eda. Hapo hawezi kwenda kula kwa mtu. Wao ndio humwendea. Nyumba iliyo na eda yaweza kuwa na wageni wengi kuliko zote mtaani siku ya Idi, ingawa haina ngoma wala nguo mpya. Mwalimu mgeni asidhani kwamba pana harusi.

Kwa Wakristo mambo ni tofauti, nasi twaona hapa ndipo penye shida. Kalenda ya Kanisa imewapa wafu siku zao, lakini si katika Krismasi. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba, na wengi huenda makaburini. Wamoravian hukutana makaburini alfajiri ya Pasaka. Desturi hii ilianza Herrnhut katika Ujerumani mwaka 1732, na wamisionari wao walifika Unyakyusa mwaka 1891. Krismasi yenyewe ni sikukuu ya kuzaliwa, na nyimbo zake zote ni za furaha. Mfiwa aingiapo kanisani siku ile haoni mahali pa kuyaweka machozi yake.

Basi watu wamejitengenezea. Desemba shule zimefungwa, watumishi wamepata likizo, ndugu wa mbali wamefika. Kwa hiyo misa za kumbukumbu, kujengea makaburi na kusimika misalaba ya kudumu, mengi huahirishwa mpaka mwezi huo. Sababu yake ni nauli na ruhusa za kazini, si kalenda ya Kanisa. Na wale waliobaki mjini huenda Kinondoni siku moja au mbili kabla ya Krismasi, na jembe na chokaa, wakapalilia na kupaka. Wako wachungaji walioliona jambo hili kuwa la kienyeji tu, wasilitie neno lolote katika ibada. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Kutaja majina ya waliofariki mwaka ule katika sala za Krismasi hakupunguzi furaha ya siku, na kwa nyumba zilizofiwa ni kama kufunguliwa mlango.

Serikali nayo imefanya namna yake. Katika sikukuu za taifa la Tanzania, mbili ni siku za kufa kwa watu: tarehe 7 Aprili, aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume mwaka 1972, na tarehe 14 Oktoba, aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere huko London mwaka 1999. Hao watu huwaita "hayati" zaidi kuliko "marehemu". Wajuao Kiarabu hucheka kidogo, maana asili ya neno hilo ni uhai. Lakini matumizi yameshinda asili, na pengine si vibaya kwamba mfu mkubwa aitwe kwa jina la uhai.

Mwaka 2012 tarehe hiyo ya 7 Aprili iliangukia Jumamosi Kuu, kesho yake ikiwa Pasaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo alifariki Steven Kanumba, mwigizaji wa sinema, kijana wa miaka 28, akaaye Sinza. Watu waliokuwa wakijiandaa kula Pasaka wakajikuta matangani. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili, baada ya umati mkubwa sana kumuaga. Tangu hapo kwa watu wengi wa mji siku moja yabeba kumbukumbu mbili, ya taifa na ya mtaa.

Msiba mwingine ulikuja katika wiki ya Krismasi yenyewe. Tarehe 20 Desemba 2011 na siku zilizofuata mvua kubwa ilinyesha, mto Msimbazi ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakafa katika mji. Walionusurika kutoka mabondeni walilazwa mashuleni, na Krismasi iliwakuta humo, wakila walichopewa. Baadaye wengi walipewa viwanja Mabwepande, upande wa kaskazini wa Kinondoni. Padre au mwalimu aliye na watu wa Mabwepande katika kundi lake akumbuke kwamba kwa baadhi yao mvua ya Desemba ina sauti nyingine.

Limebaki jambo moja dogo la lugha, nalo latupendeza. Twasema "nakwenda kwa Juma" tukimaanisha kwamba Juma yuko, au angalau nyumba yake iko. Katika viunga hivi neno "kwa" limebaki juu ya majina ya watu waliokwisha kufa. Upande wa Temeke kuna Mtoni kwa Azizi Ali, baba yake Dossa Aziz aliyeisaidia sana TANU siku zake za mwanzo. Na Sinza kuna kituo kiitwacho kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyeimba juu ya kifo na watu wakaucheza wimbo huo dansini. Naye alifariki katika mwezi wa sikukuu, tarehe 13 Desemba 2010, nyumbani kwake Sinza. Makondakta wa daladala, wengi wao wakiwa watoto wadogo alipokufa, kila asubuhi huulizana na abiria kama yupo ashukaye kwa Remmy, na abiria hujibu kwamba yupo.