Muziki wa Gari Huanzia Chini ya Boneti

Ukitaka kujua kama muziki unalitesa gari, achana na spika, tazama taa. Iwe usiku, gari limesimama kwenye foleni, sabufa inapiga. Kila besi inaposhuka, taa za mbele zinanywea na za dashibodi zinapepesa kwa kufuata mdundo. Vijana wengi hufurahia hali hiyo, wakidhani ni dalili ya muziki mnene. Mimi niliyezoea kushika nyaya za magari naona kitu kingine: gari linadaiwa umeme ambao halina.

Kijana mmoja aliniletea Toyota IST yenye tatizo hilohilo.

“Shikamoo, fundi. Nimebadilisha betri mara mbili, bado taa zinacheza. Sasa nimeambiwa nikafunge kapasita.”

“Marahaba. Kabla hujatoa hela nyingine, fungua boneti tupime.”

Makala hii ni maelezo ya tulichokipima siku ile, kwa sababu kosa lake ni kosa la wengi. Watu hununua vitu kwa kuanzia mwisho. Betri kubwa na kapasita ndivyo vinavyoonekana na kusifiwa, lakini tatizo mara nyingi limekaa kwenye bolti yenye rangi, waya mwembamba, au alteneta iliyoelemewa.

Tuanze na hesabu. Kwenye boksi la amplifaya ya kijana yule paliandikwa wati 3,000. Namba hiyo iliwekwa pale ili kuuza. Ukitaka ukweli, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya yenyewe. Yake ilikuwa na mbili za ampia 30, jumla 60. Wati ni volti mara ampia, kwa hiyo gari likichaji kwa volti 13.8, amplifaya ile haiwezi kuvuta kwa muda mrefu zaidi ya wati 828 au hivi bila kuunguza fyuzi. Amplifaya za daraja D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, zilizobaki ni joto. Zinabaki wati 650 hivi za kudumu. Si haba, hizo zinatikisa vioo. Lakini ampia 60 ni mzigo mzito kwa gari dogo, kwani redio iliyokuja nalo kutoka kiwandani kwa kawaida inalindwa na fyuzi ya ampia 10 au 15 tu.

Sasa tazama anayelisha mzigo huo. Injini ikishawaka, mlishaji ni alteneta. Betri kazi yake kuu ni kuzungusha stata, kisha inageuka kuwa pipa la akiba: alteneta ikizidiwa, betri inachangia, na mzigo ukipungua inajazwa tena. Ndiyo maana betri mpya haikumsaidia kijana yule. Aliongeza pipa wakati bomba linalolijaza ni lilelile.

Alteneta za magari madogo nyingi zimeandikwa kati ya ampia 60 na 100. Chukua ya 80. Pampu ya mafuta, mfumo wa kuwasha injini na kompyuta yake, taa za usiku, feni ya rejeta na kiyoyozi vinaweza kula ampia 45 au zaidi kabla hujagusa redio. Tena zile ampia 80 hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama na injini ikinguruma pole pole, alteneta hutoa nusu ya kiasi hicho, au pungufu. Kwa hiyo kwenye foleni ya Mwenge saa moja usiku, kiyoyozi kimewashwa na taa zinawaka, gari halina hata ampia moja ya kuipa sabufa. Kinachopigwa pale ni akiba ya betri. Volti zinashuka kutoka 14 hadi 12, taa zinafifia, na amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti inakwaruza, koili ya spika inapata joto kupita kiasi, na siku moja unasikia harufu ya kuungua. Unamlaumu aliyekuuzia spika, kumbe spika imeuawa na njaa ya umeme.

Hata hivyo, kabla ya kufikiria alteneta nyingine, angalia njia ambayo umeme unapita. Hapo ndipo tulipomkuta mwizi wa IST ile.

Nilichukua multimita, injini ikiwa imekanyagwa mafuta kidogo, na mlio mmoja wa besi ukipigwa bila kukatika. Kwenye vichwa vya betri mita ilisoma volti 12.9. Kwenye amplifaya, nyuma ndani ya buti, ikasoma 11.2. Volti 1.7 zimepotelea njiani. Ziko wapi? Niliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya: 0.8. Nikafanya vivyo hivyo upande wa hasi: 0.9. Kipimo hiki hakihitaji ufundi mkubwa, na ndicho kinachokuonyesha umeme unavujia wapi kabla hujanunua chochote.

Upande wa chanya, waya ulikuwa mnene kwa macho, lakini unene wote ulikuwa mpira. Ndani mlikuwa na milimita 10 tu za mraba, tena za alumini iliyopakwa shaba. Ukiukwangua kwa kisu unaona weupe chini ya wekundu. Waya wa shaba halisi wa unene huohuo, wenye urefu wa mita 5, ungepoteza volti 0.5 hivi kwa ampia 60. Ule wa alumini ulipoteza 0.8. Tulipoweka shaba tupu ya milimita 25 za mraba, upotevu ulishuka hadi 0.2. Ukilazimika kununua waya wa alumini iliyopakwa shaba, panda saizi moja au mbili juu. Bei ikiwa ya chini mno kwa unene unaouona, kwangua kabla ya kulipa.

Upande wa hasi ulinisikitisha zaidi, maana dawa yake ni ya bure. Aliyefunga amplifaya alitumia bolti ya kiti kama ethi, juu ya rangi ya kiwandani. Rangi haipitishi umeme. Umeme wote ulikuwa ukijipenyeza kwenye nyuzi za bolti, na volti 0.9 mara ampia 60 ni wati 54, sawa na joto la solda ya fundi redio, zikiteketea kwenye kichuma kimoja chini ya zulia. Bolti ilikuwa imebadilika rangi. Nikatafuta mahali penye bodi nene, nikapiga msasa mpaka chuma kikang’aa, nikafunga lagi kwa bolti na nati yake, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu ili kutu isiingie. Waya wa ethi uwe mfupi iwezekanavyo na unene wake usipungue ule wa chanya, kwa sababu ampia zinazokwenda ndizo zinazorudi.

Kisha rudi mbele, kwenye nyaya tatu ambazo mafundi wa muziki huziongeza mapema kabisa: wa kutoka alteneta kwenda chanya ya betri, wa kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na wa kutoka injini kwenda kwenye bodi. Kiwanda kiliweka nyaya zinazotosha mzigo wa kiwandani. Huna haja ya kuzitoa, ongeza nyingine nene sambamba nazo, na huo mpya wa alteneta uwe na fyuzi yake. Magari ya miaka ya karibuni yanahitaji tahadhari moja zaidi. Kompyuta ndiyo inayoamua alteneta ichaji kiasi gani, na mengi yana kihisi kilichokaa kwenye kichwa cha hasi cha betri. Usifunge ethi ya muziki juu ya kichwa hicho, ifunge kwenye bodi. Vinginevyo mzigo utapita nyuma ya kihisi na kompyuta itakosea hesabu.

Sasa nizungumzie fyuzi, na hapa sina mzaha. Fyuzi kuu haimlindi msikilizaji wala amplifaya, inalinda waya. Betri ya kawaida ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampia papo hapo, na waya unaopita chini ya mazulia na viti unageuka kuwa utambi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ukiiweka nyuma kwenye buti, mita zote 5 za waya zinapita ndani ya gari bila mlinzi. Kwa amplifaya ya ampia 60 na waya wa milimita 25, fyuzi ya ampia 80 inatosha. Mahali waya unapotoboa ukuta wa injini weka mpira, maana ukingo wa bati hukata polepole kama msumeno kila gari linapotikisika. Na fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Anayeweka kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi anaandaa moto.

Ukishatengeneza njia na bado volti zinashuka chini ya 13 gari likiwa kwenye mwendo, hapo una haki ya kubadilisha alteneta. Usiulize inatoa ampia ngapi tu, uliza inatoa ngapi injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, maana huko ndiko foleni ilipo. Kumbuka pia kwamba umeme huo unatoka kwenye mafuta yako. Ampia 150 kwa volti 14 ni wati 2,100. Alteneta hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, kwa hiyo injini inatoa kama farasi 5 kwa ajili ya umeme tu. Mkanda uliolegea utalia na kuteleza. Kagua mkanda siku hiyohiyo, usisubiri ukatike.

Betri inafuata baada ya hapo. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 iko hoi. Betri ya kawaida ya kuwashia gari haipendi kuchotwa hadi chini, na anayepiga muziki gari likiwa limezimwa kila Jumamosi anaiua kwa mkono wake. Zile zilizofungwa za AGM huvumilia zaidi. Ukiunganisha betri mbili, ziwe za aina moja na umri mmoja, kwani kuukuu huivuta mpya chini. Betri ya maji isikae ndani wanakokaa watu, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka.

Kapasita niliiacha mwisho makusudi. Ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inatoa juli 26. Amplifaya inayovuta wati 800 inazimaliza kwa sekunde 0.03. Hujapepesa jicho, zimekwisha, na kuijaza tena ni kazi ya alteneta ileile iliyozidiwa. Kapasita inalainisha mipigo mifupi kwenye mfumo ambao tayari ni mzima. Haiongezi umeme hata chembe.

Wenye mabasi yapigayo muziki mnene, hasa matatu za Nairobi, wana mtego wao. Mabasi mengi ya dizeli yana volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana, lakini amplifaya nyingi zinataka 12. Fundi mvivu huchukua 12 kutoka kwenye betri moja. Betri hiyo inadhoofika, mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka anachemka, na baada ya miezi michache zote zimekufa. Funga kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 chenye ampia za kutosha, kilishwe na betri zote mbili.

Kuna jambo jingine linalookoa pesa nyingi kuliko alteneta. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili lisikie muziki umekuwa mkubwa maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja ina faida ya amplifaya mbili ukiilinganisha na yenye 88. Chagua spika nzuri na boksi lililochongwa kwa vipimo, na mzigo wa umeme utapungua. Na uyahurumie masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, lakini saa 4 tu kwenye desibeli 90. Dereva na konda hukaa ndani ya kelele hizo kutwa nzima.

Kijana wa IST hakununua kapasita. Tuliwasha tena mlio uleule, mita ikasoma 12.6 kwenye amplifaya mahali paliposomwa 11.2. Foleni bado ingemshinda, nikamweleza wazi: akisimama apunguze sauti, mpaka atakapopata alteneta kubwa. Lakini besi ilikuwa imenyooka, na ile bolti ya kiti, nilipoigusa baada ya nyimbo mbili, ilikuwa baridi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni ya leo washa taa, kiyoyozi na muziki, kisha inama na mita yako: soma betri, soma amplifaya, soma ethi. Namba hizo tatu zitakuambia hela yako ianzie wapi.