Mtihani wa Kidato cha Sita na Mzigo wa Mpagazi



Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu toka Tabora hata Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Mwenye akili alifunga mzigo wake vema kabla ya siku ya safari. Vivyo hivyo vijana wetu: wanayo miaka miwili, na atakaye kuingia chuo kikuu kwa mtihani huo sharti afaulu masomo makuu mawili, wala si kwa kukesha usiku mmoja.

Julius Nyerere alisoma shule ya Tabora, mwaka 1943 akaenda Makerere, kisha akarudi Tabora kuwa mwalimu.

Basi, wazazi, likizo ikifika msiwalemeze binti zenu kwa maji na kuni; kaka zao na wasaidie. Wapeni wote taa na saa mbili za utulivu kila jioni. Walimu, wajaribuni kwa maswali ya miaka iliyopita, mkasahihishe pamoja nao. Wala tusiwatishe ya kuwa asiyefaulu amepotea, maana Mungu hampimi mtu kwa cheti. Tuwaombee, nao wafanye kazi.