Mnazi Mmoja Ukianguka, Upandwe Mwingine

Msafiri apitaye Ukunda katika njia kuu itokayo Likoni kwenda Msambweni huona minazi mirefu ikisimama katikati ya maduka na nyumba mpya. Akiitazama vizuri ataona kwamba mingi ni mizee na imezaa nazi chache, na michanga iliyo chini yake ni ya kuhesabika. Yafaa kueleza jinsi mambo yalivyofikia hapo, na jinsi yanavyoweza kutengenezwa.

Hapo kale Wadigo, wenyeji wa nchi hii, walikaa katika kaya zao ndani ya misitu, kama vile Kaya Kinondo, wakilima nafaka kama mtama. Mahindi, mihogo na mikorosho asili yake ni bara la Amerika, nayo ilifika Pwani baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498. Mnazi ulitangulia zamani sana, ukivuka bahari pamoja na mabaharia kutoka Asia. Desturi ya Pwani ilimpa mpandaji haki juu ya mti wake hata kama ardhi ilikuwa ya mtu mwingine. Mnazi uliweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rahani, hivyo ukawa akiba ya mwenyewe.

Katika miaka ya 1920 kilianza kilimo kikubwa cha miwa huko Ramisi, na kiwanda cha sukari kikawapa watu wengi kazi. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1988, na wakulima wakakosa mahali pa kupeleka miwa yao. Baadaye kilimo hicho kilifufuliwa kwa kiwanda kingine katika Kwale, lakini funzo lilibaki: muwa hungoja kiwanda, bali mnazi haumngojei mtu. Dafu hunywewa, nazi hukunwa, mbata hukaushwa, makuti huezekwa, makumbi hutoa usumba, na mgema hupata tembo.

Basi kwa nini minazi inapungua? Sababu ya kwanza ni uzee. Mnazi mrefu wa Pwani huweza kuishi miaka 80 na zaidi, lakini baada ya miaka 60 hivi mazao yake hupungua. Mnazi uliopandwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 sasa umepita umri huo. Sababu ya pili ni kwamba hoteli za Diani zilipoongezeka na mji wa Ukunda ukakua, mashamba mengi yaligawanywa viwanja, na minazi ikakatwa kwa ajili ya mbao bila kupandwa mingine.

Sababu ya tatu ni mdudu aitwaye chonga. Huyu huruka usiku, akatoboa moyo wa mnazi na kula majani yangali yamekunjwa. Yakifunguka huonekana kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Mnazi mchanga huweza kufa kabisa. Jike hutaga mayai katika magogo yaliyooza na katika marundo ya samadi. Kwa hiyo mwenye kukata mnazi na kuliacha gogo shambani anamfugia adui wa minazi yake, na ya jirani pia. Gogo lipasuliwe na kuchomwa, samadi isirundikwe karibu na miche, na chonga aliyekwisha ingia atolewe kwa waya wenye ncha iliyopindwa.

Kupanda si kazi ngumu. Nazi za mbegu zichaguliwe kutoka mti wenye afya uzaao sana, ziachwe zikomae, kisha zilazwe kitaluni mpaka zichipue. Miche ipandwe mbali mbali, futi 30 kati ya mti na mti, yaani minazi 48 hivi katika eka moja. Katikati mkulima aweza kulima mihogo na kunde, asikose chakula wakati anapongoja. Tangu mwaka 2013 kazi ya kilimo imo mikononi mwa serikali za kaunti, na mwenye shaka humwendea afisa wa kilimo aliye karibu naye.

Wengine husema mnazi hukawia. Ni kweli, huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane. Lakini mtoto aliyezaliwa siku mche ulipopandwa atakunywa dafu lake akiwa bado katika madarasa ya chini ya shule. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Minazi inayowalisha watu wa Ukunda leo ilipandwa na wazee ambao wengi wao hawapo tena, na wajukuu wa leo hawatakuta ila ile itakayopandwa sasa.