MOTOKARI YA ZAMANI INARUDI NA HATARI YAKE YA ZAMANI



Leo tuzungumuze juu ya kazi ambayo watu wengi wa Marekani wanafanya nyumbani, siku ya Posho na siku ya Yenga: kutengeneza upya motokari za zamani zenye motere ya nguvu, kwa piesi za wakati ule ule. Labda utauliza: «Mambo hayo yananihusu nini, mimi mutu wa mine?» Yanakuhusu. Kazini kuna chefu wa usalama, kuna maski, kuna maji ya kulaza vumbi. Nyumbani, chini ya motokari, uko peke yako. Na vumbi halijui kama leo ni siku ya kazi ao siku ya kupumuzika.

NI MOTOKARI GANI?

Kompani Pontiac, iliyokuwa sehemu ya General Motors, ilitosha GTO, modeli ya mwaka wa 1964. Waliikamata motokari ya ukubwa wa katikati, wakaweka ndani yake motere ya litre 6,4 yenye nguvu ya farasi 325. Wengine wakafuata njia ile: Chevrolet na Chevelle SS, Dodge na Charger, Plymouth na Road Runner ya mwaka wa 1968. Wamarekani wanaziita «motokari za misuli». Karibu na mwaka wa 1973 wakati wake uliisha, kwa sababu asiransi ilipanda bei, sheria za moshi zilikaza, na mafuta yakapunguka.

Wenye kuzitengeneza leo hawatafuti tu motokari yenye kutembea. Wanataka kila piesi iwe ya wakati ule. Wanasoma hata tarehe iliyoandikwa katika chuma. Kwenye motere ya Chevrolet, alama C 14 9 inaweza kumaanisha tarehe 14, mwezi wa tatu, mwaka wa 1969: herufi ni mwezi, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kila mwezi wa kumi watu wanakusanyika katika soko kubwa la piesi za zamani kule Hershey, katika Pennsylvania. Piesi inayopendwa sana ni ile iliyokaa miaka 50 katika kartoni yake bila kutumiwa hata siku moja.

Hapo ndipo hatari inaanza. Kartoni inalinda chuma isipate kutu. Haitoshi sumu iliyo ndani ya piesi.

HATARI YA KWANZA: VUMBI LA FRENI

GTO ya mwaka wa 1964 ilikuwa na freni za ngoma katika magurudumu yote mane. Garnitire za freni za wakati ule, pamoja na disiki ya ambreyaji, zilitengenezwa na amianti. Amianti ni jiwe linalochimbwa, lenye nyuzi ndogo sana, lisiloungua na moto. Ndiyo sababu watu wa freni walilipenda.

Kila mara freni inaposuguana na ngoma, unga unabakia ndani. Fundi akifungua ngoma na kuipuliza kwa upepo wa kompresere, unga unaruka katika garaji yote. Nyuzi hazionekani kwa macho. Zikiingia katika mapafu, nyingi zinabakia humo. Leo hausikii kitu. Kesho hausikii kitu. Mara nyingi ugonjwa unatokea kisha miaka 20 mpaka 40: mapafu yanakuwa magumu, pumuzi inakosekana, ao kansere inashika mapafu ao ngozi inayoyafunika. Kwa mutu mwenye kuvuta tumbako, hatari ya kansere ya mapafu inazidi sana.

Serikali ya Marekani ilijaribu kukataza karibu kazi zote za amianti mwaka wa 1989. Tribinali ilifuta sehemu kubwa ya sharti hilo mwaka wa 1991. Mwezi wa tatu wa 2024, sharti lingine lilitolewa la kukataza amianti nyeupe, hata katika freni za motokari. Lakini hakuna sharti linaloweza kuingia ndani ya kartoni ya mwaka wa 1968 na kubadilisha garnitire iliyolala humo.

Mama, neno hili ni lako pia. Salopeti inayorudi nyumbani na vumbi la amianti inaleta ugonjwa nyumbani. Wanawake wamekwisha kupata ugonjwa wa amianti bila kukanyaga kazini, kwa sababu tu walikunguta na kufua nguo za bwana.

HATARI YA PILI: RISASI

Zamani, katika usine za Detroit, maungio ya karoseri yalifunikwa na risasi, ile tunayoita pia plombi. Mara nyingi ilikuwa sehemu 70 za risasi na sehemu 30 za bati. Mafundi wenye kufuata desturi ya kale wanaitumia mpaka leo. Tena rangi nyingi za manjano, za machungwa na nyekundu zilikuwa na risasi ndani. Hata radiatere, zilizofanywa na shaba, ziliunganishwa kwa risasi na bati.

Ukisugua rangi ile kwa mashine, unatosha vumbi la risasi. Ukichoma risasi kupita kiasi, unatosha moshi wake. Risasi inaingia katika damu, inaumiza tumbo, figo na mishipa, inapandisha nguvu ya damu. Kwa mutoto inaharibu akili inayokomaa, na Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa bila hatari. Mutoto hana lazima ya kuingia garaji. Inatosha atambae pahali baba alikanyaga na viatu vyake, kisha atie mukono katika kinywa.

HATARI YA TATU: MOTOKARI YENYEWE

Nyingi za motokari hizi, mbele ya modeli za mwaka wa 1967, zilikuwa na pompi ya freni yenye njia moja tu. Tiyo moja ikipasuka, magurudumu yote mane yanakosa freni pamoja. Toka tarehe 1 Januari 1968 sheria ya Marekani iliomba njia mbili, ili moja ikiharibika nyingine isaidie. Toka siku ile pia iliomba mukaba wa usalama katika kila nafasi ya kukaa. Mwenye kurudisha pompi ya njia moja kwa ajili ya kupendeza macho anarudisha kifo kilichokwisha kufukuzwa.

Kriki ya wakati ule ilishika parechoki na kuinua motokari kwa ncha moja. Iliwekwa katika kofre kwa kubadilisha mupira barabarani, basi. Motokari yenye kupita kilo 1500 ikiteleza juu yake, haingojei mutu atoke chini.

Mupira wa mwaka wa 1969 ambao haujakanyaga barabara si mupira mupya. Kaochu inazeeka hata ikilala. Kwa hiyo wanatengeneza leo mipira mipya yenye sura ya zamani, na mafundi wenye busara wananunua hiyo.

Tazama tena mambo ya esansi. Motere zile zilifanywa kwa esansi yenye risasi. Marekani ilikataza esansi hiyo kwa motokari za barabarani toka tarehe 1 Januari 1996, na Algeria ilikuwa inchi ya mwisho ulimwenguni kuacha kuiuzisha, mwaka wa 2021. Mafundi walifanya nini? Walitia viti vya valve vya chuma kigumu ndani ya motere. Kwa inje hakuna anayeona tofauti. Hiyo ndiyo njia ya kufuata: sura ibakie ya zamani, usalama uwe wa leo.

FANYA HIVI

Hata kama motokari yako si ya Marekani, kumbuka:

1. Kwa macho hauwezi kujua kama freni ina amianti. Hesabu kila unga wa freni ya zamani kuwa ni amianti.

2. Usipulize freni kwa kompresere wala kwa kinywa. Usifagie pakavu. Lowesha kwanza, pangusa na kitambaa chenye maji, tia kitambaa katika sashe, funga, tupa mbali na watoto.

3. Kitambaa juu ya pua hakizuii amianti wala risasi. Tumia maski yenye filtre ya vumbi dogo.

4. Garnitire mupya iwe bila amianti. Ile ya zamani usiisugue, usiitoboe.

5. Sugua rangi ya zamani na maji, inje ya nyumba, mbali na chakula na watoto.

6. Acha salopeti na viatu inje. Nawa mikono na uso mbele ya kula, kunywa ao kuvuta tumbako. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zikiwa zimeloweshwa.

7. Usiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki tu. Iweke juu ya miguu ya chuma, pahali pa sawasawa, na mawe nyuma ya magurudumu.

Fundi mwema anapenda motokari ya baba yake. Lakini anataka pia watoto wake waione yeye akiizeekea. Chuma kilichoharibika kinapatikana sokoni, kule Hershey ao kwetu. Mapafu hayauzwi pahali popote.